Mpaka Nywele Ziote

Simu ya msiba iliponifikia, kitu cha kwanza nilichotia mkobani kilikuwa pakiti za kanta. Si leso za kujifunga, si nguo za kubadili. Kanta, ile dawa nyeusi ya kupaka nywele, ambayo mimi huipaka watu kila siku saluni kwangu Mariakani. Mteja niliyekuwa namsuka alibaki na kichwa nusu, ananitazama ninavyofungua makabati kwa fujo, na nadhani mpaka leo anaamini kwamba nilipagawa. Sikupagawa. Baba alikuwa amekufa, na nilikuja kumlilia baadaye, tena sana. Lakini mama alikuwa hai, na nilijua vizuri kwamba miaka yote ile alikuwa hai kwa sababu nywele zake zilionekana nyeusi.

Kwa asiyejua kwetu, nieleze. Kijiji chetu kiko ndani ya Magarini, mbali na lami, mahali pa mahindi, mihogo na mikorosho. Huko mtu akianza kuota mvi huanza kutazamwa. Mtoto akiugua, ng'ombe akifa, kijana akianguka na pikipiki, watu hutafuta kichwa cheupe cha kukibebesha lawama. Macho yakiwa mekundu kwa moshi wa kuni, hayo nayo ni ushahidi. Wazee wametolewa roho kwa ajili hiyo, na mara nyingi ukichunguza utakuta nyuma ya mvi kuna shamba ambalo mtu fulani alilitaka. Mzee jirani yetu, aliyekuwa akinipa mabibo nikitoka shule, alikutwa kondeni asubuhi amekatwa mapanga, na sina shaka kwamba waliomkata walikuja kula matangani kwake.

Baada ya hapo wazee wa kwetu wakaanza kupaka kanta. Hakuna aliyetangaza wala aliyeuliza. Unamwona tu babu wa kutembelea mkongojo ana kichwa cha bwana harusi, nawe unamwamkia shikamoo unapita. Mama nilimpaka mwenyewe mara ya kwanza, na tangu siku hiyo nikawa namtumia pakiti, nazificha ndani ya sukari.

Baba alioa wake wawili. Mkubwa alifariki zamani akaacha wavulana wadogo, na mama yangu, mke mdogo, akawalea pamoja nami, mtoto wake wa pekee. Mkubwa wa wavulana hao ndiye kaka ninayemsimulia hapa. Alikua akimwita mama yangu mama mdogo, akila mkononi mwake. Kisha akapata mtu wa kununua shamba letu linaloteremka mpaka Mto Sabaki. Baba akalegea, mama akakataa, na kuanzia hapo kaka akawa anamwita "huyo mwanamke". Nilikwenda nikamgombeza mbele ya watu, maana mimi hasira zangu hazijui kusubiri faragha. Alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia kwa utulivu kwamba siku nikirudi tena nisitarajie kutoka. Sikurudi mpaka baba alipokufa.

Nilifika jua likiwa utosini. Kaka alinipokea yeye mwenyewe, akanishika mkono, akanipa pole kwa sauti ya kusikika na watu. Simu yangu ilikuwa karibu kuzimika, akasema ataniwekea chaji nyumbani kwake kwa sababu pale mjini petu, yaani kwenye boma letu, ni yeye tu mwenye sola. Nikampa. Anayetaka kunicheka na anicheke. Nilimpa kwa mkono wangu, tena nikamshukuru.

Mama alikuwa ndani, ameketi juu ya mkeka kama desturi inavyomtaka mjane, wanawake wamemzunguka. Leso alikuwa ameivuta mpaka kwenye nyusi, lakini nilipomkumbatia niliona pembeni ya paji la uso, chini kwenye mizizi, weupe wa upana wa ukucha. Alikuwa akimuuguza baba miezi mingi, hakupata nafasi ya kujipaka. Aliniuliza sikioni kama nimeleta, nikamwambia nimeleta, akashusha pumzi. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yetu ya msiba.

Kanta inataka faragha, maji, na muda wa kukaa kichwani. Matangani, au hanga kama tunavyoita kwetu, hakuna hata kimoja. Wanawake wanalala humo humo, wanakula humo humo, na mke wa kaka alikuwa amejiwekea kigoda mlangoni kama askari wa benki. Kwa hiyo nikaweka matumaini yangu kwenye wembe. Kwetu hanga likiisha, mjane na watoto wa marehemu hunyolewa. Nikajiambia kwamba wembe utauondoa weupe wote pamoja na weusi, kisha nitamchukua mama nimpeleke Mariakani apumzike, na nywele zitaota huko, kwenye mji wa malori ambako hakuna mwenye muda na rangi ya kichwa cha mtu. Nilifurahi, kusema kweli, na nikaona aibu kufurahi kaburi la baba likiwa bado bichi.

Aliyetunyoa alikuwa mama mmoja jirani, ambaye ndiye hunyoa wafiwa wa upande ule. Alianza na kaka kwa ukubwa wake, wakafuata wadogo zake, kisha mimi, na mwisho mama. Nywele za mama zilianguka juu ya leso iliyotandazwa, nyeusi nchani na nyeupe shinani. Yule mama akaikunja leso upesi, kumbe mke wa kaka ameshainama. Aliokota kishungi kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango kama mtu anayechagua uzi dukani, akatoka nacho.

Alasiri hiyo kaka alisimama uani mbele ya watu wachache waliobaki. Alisema baba hakufa kwa maradhi. Alisema amekwenda kwa mganga wa kupiga mburuga, ile ramli ya kwetu, na mganga amemfunulia.

"Aliyemla baba ni mmoja wetu sisi tulionyolewa leo," akasema, "na kichwa chake kitamtaja. Hatoki mtu mjini hapa, na hafuniki mtu kichwa, mpaka nywele ziote. Zitakazoota nyeupe, huyo ndiye."

Alijitia na yeye humo ili asionekane kwamba anamwandama mtu. Nilimtazama mama. Alikuwa anajipapasa kichwa polepole, kutoka mbele kwenda kisogoni.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kufungiwa mahali pasipo na kufuli. Nyumba yetu ina milango miwili na uani hakuna hata uzio, lakini pale njia inapoanza kwenda barabarani walikaa vijana, watoto wa kaka na wenzao, juu ya pikipiki zao. Bodaboda zote za kijijini zilikuwa zao. Mapanga walikuwa nayo siku zote, ni ya kazi, isipokuwa siku hizo hayakwenda shamba. Nikienda kuteka maji, mmoja aliteremka akanifuata kwa mbali akipiga mluzi. Niliuliza simu, nikaambiwa hakuna jua la kutosha, wakati jua lilikuwa linapasua vichwa vyetu vitupu. Majirani walioniamkia vizuri msibani sasa walipita wakiangalia chini. Walishaanza kusema uchawi binti huurithi kwa mama, na kwamba hata hiyo saluni yangu haikufunguliwa kwa mikono mitupu.

Kwa nini sikumpaka mama kanta, mtu ataniuliza. Kwa sababu kanta haishiki kwenye kipara. Hushika ngozi, ikaacha kichwa cheusi kama kilichochovywa kwenye lami, na aliyepakwa ataonekana kutoka ng'ambo ya mto. Ilibidi tungoje nywele zifike urefu wa kushika rangi, na kabla hazijafika huko weupe ungekuwa umeshaonekana. Nilizijua nywele kiasi cha kuzifanya riziki yangu, na ujuzi wangu wote ukaniambia ningoje.

Basi tukaingia kwenye masizi. Kila asubuhi, kabla mke wa kaka hajatuletea uji na macho yake, nilikwangua masizi chini ya sufuria, nikampaka mama kichwani kwa kidole, kidogo sana, nikayasambaza kwa kiganja mpaka yakawa kivuli. Mama alitulia kama mtoto anayepakwa wanja. Mke wa kaka alikuja, akaweka uji, akatuzunguka, akainama kumwangalia mama kwa karibu mpaka nikahisi pumzi yake. Siku nyingine alikaa akatukodolea macho mpaka uji ukaganda. Joto likizidi masizi yalianza kuteremka, nami nilimfuta mama shingoni nikijifanya namfuta machozi. Hakuwa akilia. Aliyekuwa akilia ni mimi, kwa hasira zaidi ya huzuni. Nilimchukia kaka, nikachukia kijiji chote, nikamchukia kidogo hata baba kwa kufa kabla hajasema neno moja la kumkinga mkewe.

Hakukuwa na kioo ndani ya ile nyumba, kilikuwa kimegeuzwa kwa sababu ya msiba na sasa hakionekani kilipo. Siku moja nilijipapasa kichwa nikakumbuka kwamba nami si msichana tena, na kwamba nami hujipaka. Nikamuuliza mama zangu zinaota rangi gani. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akachukua muda wake.

"Nyeusi," akasema. "Nyeusi tii, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Nikatulia.

Kaka alikuwa haji ndani, alituma watu. Siku aliyokuja ilikuwa mchana wa jua kali, na kichwani alikuwa na chepeo, ambayo alisema anaivaa kwa sababu ya mafua. Vijana wawili walisimama nyuma yake. Alisimama mlangoni akamwambia mama kwamba hakuna haja ya kungoja siku ile, kwamba mtu akikiri mapema husamehewa, na akiondoka akaacha shamba hakuna atakayemgusa. Mimi nilikuwa nimeketi chini, namtazama kwa chini, na kutoka pale niliona jasho likimtoka kwenye ukingo wa kofia, likamshuka kwenye kipaji, likaingia kwenye kola ya shati lake jeupe. Lilikuwa jasho jeusi.

Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaelewa vizuri sana. Saluni nimewaona wengi wa namna hii. Mtu akipaka kanta miaka na miaka, husahau kichwa chake mwenyewe. Anaijua ile rangi anayoiona kwenye kioo, basi. Siku akinyolewa hushtuka kama aliyeonyeshwa picha ya mtu mwingine. Kaka alikuwa ameshapita hamsini. Alitega mtego wa mvi akasahau kwamba na yeye anazo, na alipokumbuka, zilikuwa zimeshaota.

"Kaka," nikamwambia, "jifute jasho."

Alipitisha kidole shavuni, akakitazama. Alinitazama mimi, akakitazama tena. Kisha akakifunga ndani ya ngumi na kuwaambia vijana waende, jua ni kali.

Kesho yake alikuja peke yake, mkewe akiwa amekwenda sokoni. Aliingia jikoni nilikokuwa nachochea moto, akavua ile chepeo, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kukalia. Kichwa chake kilikuwa cheupe kuliko cha mama. Kilikuwa cheupe pe, na juu yake michirizi ya masizi aliyojipaka ovyo, kama wanaume wanavyofanya mambo haya. Ili nisicheke niliuma mdomo. Sikuwa na furaha yoyote, lakini mbuzi ile na kichwa kile vilikuwa vingi kwangu kwa wakati mmoja.

"Dada, nisitiri," akasema.

Nilimwambia dawa ya hilo ni rahisi, awaite vijana awaambie mganga amekosea. Akatikisa kichwa.

"Nimewaambia waangalie vichwa. Sasa wanaangalia. Jana usiku mwanangu mwenyewe ameniuliza kwa nini sivui kofia."

Alisema "mwanangu mwenyewe" kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, na nikaona mikono yake imeshika magoti. Mtu huyu alikuwa anaogopa. Nilikuwa nimekaa siku zote zile nikidhani kwamba yeye yuko nje na sisi tuko ndani, kumbe ameufunga mlango naye akiwa humu humu. Sikumhurumia mara moja. Nilimwambia kanta ninayo, na nitampaka, ila mama anaondoka leo, na atakayempeleka mpaka lami ni yeye mwenyewe, kwa pikipiki yake, mbele ya macho ya hao hao vijana. Alikubali kabla sijamaliza kusema.

Nikamfunga leso mabegani kama mteja. Nywele zake sasa zilikuwa na urefu wa kutosha, kwa shida. Nikikoroga ile dawa nilikuwa nafikiri mambo mabaya. Ningeweza kuiacha ikae mpaka imchome ngozi. Ningeweza kumwachia doa jeupe kisogoni, pale ambapo mwenyewe haoni, nikamwacha watoto wake walione. Ilikuwa rahisi kabisa, kidole kimoja kisipite mahali pamoja. Alikuwa ameinamisha kichwa, shingo yake iko wazi mbele yangu, ina mikunjo ya uzee na vumbi. Mama akatokea mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Mpake vizuri," akasema.

Nikampaka vizuri. Mama alisimama pale muda wote dawa ilipokuwa inakaa, na ulipofika wakati wa kuosha akachukua kata, akamwinamisha juu ya karai, akammiminia maji mwenyewe, mkono mmoja umemziba macho yasiingie dawa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akituogesha sote tulipokuwa wadogo. Kaka alianza kutikisika mabega. Akasema kitu ndani ya maji, sikukisikia, na alipoinuka akakisema tena.

"Mama mdogo."

Mama akamwambia akae juani akauke. Alipokauka nilimpaka mama naye haraka haraka kwa dawa iliyobaki, lakini haikutosha, na muda wa kukoroga pakiti nyingine kabla mke wa kaka hajarudi sokoni hatukuwa nao. Ilifika mbele na pembeni, kisogo kikabaki kama kilivyo, nami nikamfunga leso.

Tuliondoka alasiri, kaka mbele bila kofia, mama katikati, mimi nyuma. Penye vijana akasimama. Akawaambia mama amezidiwa na homa, anampeleka hospitali Malindi. Macho yao yalikwenda kichwani kwa kaka kwanza, yote kwa pamoja, na niliyaona yakitua. Kisha yakaja kwa mama. Mtoto mkubwa wa kaka, ambaye nilimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, akateremka kwenye pikipiki na panga lake, akasema nywele zimeshaota, basi atoe leso tuone ndipo aende.

Nilikuwa nimeshika kiuno cha mama, nikamkaza zaidi. Kijana akanyoosha mkono kuishika ncha ya leso. Kaka akaukamata ule mkono.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Unataka kumvua mama yangu mbele ya watu, mimi niko hapa?"

Kijana alimwangalia baba yake, kisha ule weusi wa kichwa chake, muda mrefu. Akaurudisha mkono wake, akasogea pembeni. Tulipita. Mama hakugeuka kuitazama nyumba, na mimi sikuthubutu kumwambia ageuke.

Kwenye lami kaka alinipa simu yangu. Haikuwa na chaji hata kidogo, hakuwahi kuichomeka. Alisema tusirudi, kwamba pale njiani ameweza leo, kesho hajui. Mama alimwambia amwagilie mkorosho mchanga ulio nyuma ya jiko, akaitikia.

Nilipofika saluni kwangu jambo la kwanza nilikwenda kwenye kioo. Pembeni mwa kichwa, pande zote mbili, nilikuwa mweupe kama pamba. Kumbe siku zote zile wote walikuwa wakimwangalia mama tu, hakuna aliyekitazama kichwa changu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, ananitazama kupitia kioo kile kile. Nikamwuliza kwa nini alinidanganya. Akasema tulikuwa na sufuria moja tu, masizi yake hayatoshi vichwa viwili, na mtu anayejua analo la kuficha hutoa jasho.

Sasa mama ana mvi kichwa kizima na hapaki kitu. Huketi mlangoni pa saluni, madereva wa malori humwamkia shikamoo bibi, naye huitikia kila mmoja. Watu wananiambia ana bahati ya uzee mwema. Lakini huuliza mvua imenyesha kwetu au la, huuliza juu ya ule mkorosho, na kaburi la baba hajaliona tangu siku ile na simwoni akiliona. Akili yangu inajua kwamba nimemtoa. Moyo wangu haujui nimemleta wapi.

Kaka hupiga simu kila mwezi. Hasalimii sana. Husema tu, "Dada, ile dawa," nami humpa mtu wa kwenda Malindi. Mwezi uliopita hasira zangu zilinipanda, nikamwambia mama kwamba safari hii sitaituma, acha na yeye akae nazo ajue zinavyouma. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Mtumie," akasema. "Na umwambie asisahau nyuma ya masikio. Ndiko zinakoanza kuonekana."

Nikafungua kabati nikatoa pakiti, nikaifunga ndani ya sukari.